Radi ya Kaisari na Zamu Yangu ya Matuta

Kwa miaka mitano mizima niliamini kwamba jamhuri ya Warumi iliuawa na radi. Habari hiyo alinipa mwenzangu wa dawati kwenye masomo ya jioni, fundi baiskeli wa mtaa wa Izia, mtu mwenye sauti ya kuaminika kuliko redio. Alisema Kaisari alitaka kutawala peke yake, akaagiza radi, ikashuka kiangazi, wingu hakuna hata la dawa, ikawamaliza wazee wote wa Seneti, baraza lao la utawala, vikabaki viatu tu. Kwingine wangecheka. Sisi wa Sumbawanga, mji unaosifika kwa radi za kutumwa, tuliuliza tu aliiagiza kwa nani. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mistari miwili myekundu.

Mwalimu wetu, mama mstaafu, hakuwa na kosa. Alitufundisha jinsi Warumi walivyomfukuza mfalme wao wa mwisho, wakaapa hawataki mwingine, wakaweka wakubwa wawili wa kutawala mwaka mmoja kisha wapishe wengine. Jamhuri ilivyokufa alifundisha wiki niliyougua malaria, malaria ya kutetemesha kitanda hadi kwa jirani. Pengo hilo ndilo alilolijaza fundi baiskeli.

Nilipohitimu nikaipeleka Roma shambani. Kule kijijini Mollo tulikuwa na kikundi cha kulimiana. Mvua zikielekea kuisha na majani yakiwa marefu, tulikwenda kwa zamu shamba kwa shamba kuyafukia kwenye matuta ya duara, yaoze, mwakani tupande ulezi. Mwenye shamba anatoa ugali na pombe. Mwenyekiti alibadilika kila msimu, na daftari la zamu alishika mtu mwingine, asipatikane mmoja wa kujipendelea.

"Hii ni Roma yenyewe!" niliwaambia. Wakanitazama kama mtu aliyetangulia kunywa.

Kisha akaja mwenyekiti mmoja, mzaliwa wa Msanzi, mcheshi, mkarimu, jembe lake linafanya kazi ya trekta mbili. Msimu wake ulipoisha tukamwongezea, kwa sababu aliyepaswa kumpokea alikuwa anauguza. Mshika daftari akahama, daftari likaenda kulala kwa mwenyekiti, kwa muda tu. Ugomvi wa mipaka nao tukamwachia yeye auamue. Msimu wa tatu akasimama mkutanoni, akasema amechoka, anaturudishia kila kitu. Tukapiga kelele. Mimi nilipiga kubwa kuliko wote, nadhani Zambia walisikia: "Mwenyekiti, usituache!" Akainamisha kichwa, akakubali kama mtu anayepewa msiba.

Msimu uleule zamu yangu ilikuwa ya nne. Ikapewa shemeji yake. Wiki iliyofuata, jirani yake. Halafu yeye mwenyewe, mara ya pili. Udongo wetu mvua ikikatika unakuwa saruji, jembe linarudi usoni. Nikamfuata kwake.

"Mwenyekiti, zamu yangu vipi?"

"Subira, mdogo wangu. Nimekupanga wiki ijayo."

"Anayepanga si mkutano?"

"Mkutano si tulikaa juzi? Ulikuwepo, ukanywa, ukaimba. Kuna mtu kafuta kikundi?"

Kweli, hakuna aliyefuta. Nikarudi kumwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, jamhuri bado ipo.

"Basi iambie ije na jembe," alisema. "Baba watoto, majani yanakauka yale."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Tulilima wawili, mimi na yeye, mpaka mgongo wangu ukapinda kama mundu. Hata robo ya shamba hatukufika. Mvua ikakata. Ulezi wa mwakani ukawa umekwisha kabla haujapandwa.

Jumamosi moja asubuhi nikamkuta mwalimu sokoni anachagua maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umepinda hivyo?"

Nikammwagia yote. "Kinachoniudhi, mwalimu, mimi nimesoma! Nilikuwa naisubiri ile siku yenyewe ya jamhuri kufa, niione inakuja. Warumi afadhali. Walipigwa radi, wakajua jamhuri imekwisha."

"Walipigwa nini?"

Nikamweleza radi, kiangazi, viatu. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko mgongo. Akayarudisha maharage kwenye fungu.

"Hakuna radi. Wazee wa Seneti walikuwa wameshamuua Kaisari wa kwanza kwa visu, palepale kikaoni, kwa kuhofia anataka ufalme. Mrithi wake, yule Kaisari wa Injili ya Krismasi aliyeamuru watu wahesabiwe, ufalme hakuuomba. Alishinda vita, akasema anawarudishia jamhuri yao, wakamsihi abaki. Seneti haikufungwa. Wazee waliendelea kukaa, na wale wakubwa wawili waliendelea kuchaguliwa kila mwaka. Madaraka aliyachukua moja moja, na kila moja walimpa wenyewe, kwa kelele kama zako."