Kufuli ya Wayua

Wayua ameacha mwethya wetu mara saba, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti, mara zote saba nimemrudisha mimi. Mwethya ni kikundi chetu cha kulimiana hapa Nunguni: leo shamba lako, wiki ijayo la mwenzako. Wayua huja wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Lakini usipopokea simu yake, jioni wewe ni nyoka. Asubuhi wewe ndiye rafiki pekee aliyebaki naye duniani. Amenichosha, na nampenda.

Kanisani walisema ni mapepo. Muuguzi wa kliniki akasema ni ugonjwa wa hisia kupita kipimo, na kwamba unatibika. Mama yake alimwacha kwa nyanya akiwa na miaka minne. Tangu hapo Wayua anaamini kuwa mtu akimjua vizuri ataondoka, basi yeye humfukuza kwanza. Muuguzi alimfundisha kuteleka chai akipandwa na hasira, na asiseme wala kufanya lolote mpaka ichemke.

Ndiyo maana kwa miaka sita hatukuwahi kumlimia. Kila zamu yake ilipokaribia, alizua ugomvi na kutoka. Mitaro yake ilikuwa imebomoka na udongo wote ukiishia mtoni. Mvua moja zaidi, hana shamba.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu yake. Ukungu na matope vilituchelewesha saa mbili nzima, na simu yangu ilikuwa imezima. Njiani nilikuwa nimeshakasirika, maana nilijua tutapokewa na lango lililofungwa na matusi juu.

Lango lilikuwa wazi. Wayua alikuwa amekaa kando ya sufuria ya muthokoi wa kulisha watu ishirini, macho mekundu, kufuli mkononi.

"Mama Mbithi, nimefunga mara tatu," akasema. "Nikafungua tena. Chai imechemka mpaka ikakauka."

Niliona aibu. Nilianza kujieleza, akanikatiza na kunitia ile kufuli mkononi.

"Kaa nayo mpaka mmalize. Mkienda tu kupumzika, nitadhani mmeniacha."

Nikaitia mfukoni, tukaingia shambani. Tulimaliza saa kumi, tukala, tukaimba, tukaenda zetu.

Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka kufuli yake. Leo ni siku ya tano, na bado hajaniuliza iko wapi.