Mwongozo Usio na Muhuri

Dorosela alizaliwa Lugarawa, jirani na misheni. Alifundisha hisabati mpaka nywele zikaanza kumgeuka mvi, kisha akakabidhiwa kompyuta za Umoja wa maktaba za vijijini, katika chumba cha Makambako ambako vumbi la barabara kuu huingia hata dirisha likiwa limefungwa.

Kompyuta hizo zilikuwa kuukuu. Waliounda mfumo endeshi wake, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuiongoza, walikuwa wameacha kutoa matoleo yaliyo tayari kwa mashine za umri ule. Hata hivyo hawakuuficha msimbo chanzo. Maandishi ya programu yalibaki wazi, na mwenye subira aliweza kuyapakua, akaiamuru kompyuta yake iyageuze yenyewe kuwa mfumo mpya. Maelekezo ya kazi hiyo yalikuwa kwa Kiingereza, na mafundi walikuwa wamewaandikia mafundi wenzao. "Hatua inayofuata ni dhahiri," yalisema mahali pamoja, kisha yakanyamaza.

"Dhahiri kwa nani?" Dorosela aliiuliza skrini, kwa sauti ileile iliyowahi kuwatetemesha wanafunzi waliorukia jibu. Siku hiyo akaazimia kuandika mwongozo wa Kiswahili ambao mtu wa Mdandu au wa Lupembe, asiyewahi kuandika amri hata moja, angeufuata peke yake hadi mwisho.

Vitus, fundi mkuu wa Umoja, hakuupenda mpango huo. Hakuwa mtu mwovu. Ni yeye aliyekuwa akipita kwenye tope la Lupembe kwa pikipiki, amefunga nyuma kompyuta zilizoharibiwa na watu waliojaribu kuzitengeneza wenyewe.

"Dada Dorosela, unawapa watu gari wasilojua breki yake iko wapi."

"Ndiyo maana ukurasa wa kwanza unawaonyesha breki."

"Waache waniite. Mambo haya yana lugha yake."

"Misa nayo ilikuwa na lugha yake," Dorosela alisema. "Bibi yangu alipiga magoti maisha yake yote mbele ya Kilatini asichokielewa. Ilipokuja kwa Kiswahili, imani yake iliharibika?"

"Misa haifi ukikosea neno. Kompyuta inakufa."

Wakakubaliana kuujaribu. Dorkasi, mtunza maktaba wa Mdandu, alikuja Makambako, akapewa mwongozo na mashine moja. Dorosela akaketi kwenye benchi la ukumbini, akiwa amejikataza kusema neno lolote, na Vitus akasimama mlangoni, mikono nyuma kama msimamizi wa mitihani. Hatua zilikwenda vizuri. Mashine ilikwisha kuunda mfumo mpya, na Dorkasi akaanza kuusakinisha, yaani kuuweka mahali pa ule wa zamani. Ndipo radi ilipounguruma upande wa milimani.

Getruda, mhudumu wa jengo, alifanya lifanywalo katika kila nyumba ya sehemu zile. Aliingia, akasema "Poleni na kazi," akachomoa waya ukutani.

Mashine ilipowashwa tena, ilionyesha mstari mmoja wa herufi nyeupe, ikakwama papo hapo.

Vitus alicheka hadi akafuta macho. "Mwongozo wa wanaoanza! Wameanza, na wamemaliza."

"Kwani nimekosa nini?" Getruda aliuliza, waya ungali mkononi. "Niuache ukutani, radi inaita? Runinga ya mdogo wangu ilitoa moshi watu wakiitazama!"

"Hujakosa, Mama Getruda," Dorosela alisema. "Aliyekosa ni mwongozo. Haukukujua."

Hakulala na aibu ile. Majuma yaliyofuata aliitwaa mashine iliyoharibika, akaitengeneza, akaanza kuiharibu kwa makusudi, akichomoa waya katika kila hatua ili aone ni ipi inayovumilia. Akabaini kwamba kuunda huvumilia, kwa kuwa kazi iliyokatika huendelezwa kesho yake. Kusakinisha ni kwa muda mfupi, lakini hakuvumilii hata kidogo. Basi baina ya hatua hizo mbili akaandika hivi:

"Hapa simama. Toka nje utazame mawingu. Ukiona dalili ya mvua, au ukisikia ngurumo hata ya mbali, zima kompyuta kwa utaratibu, uende nyumbani. Uliyokwisha kuyaunda yatakungoja. Kukiwa shwari, mwombe kila aliye jirani na waya asiuguse mpaka umalize."

Kamati ya Umoja ilikutana Njombe asubuhi ya ukungu, wajumbe wakiwa wamevaa makoti. Mwenyekiti, Mama Lidia, aliusoma ukurasa ule mara mbili, akatabasamu bila kutaka.

"Mwalimu, hii ni hati ya kitaalamu. Watu wa nje wakiisoma, 'toka nje utazame mawingu,' watatuonaje?"

"Watatuona tunaishi chini ya mawingu, Mwenyekiti."

"Mimi naona hivi," Vitus alisema. "Aya hiyo iondolewe. Na juu ya jalada paandikwe kwamba mwongozo ni wa mafundi pekee. Vinginevyo sitakubali upigwe muhuri wa Umoja."

Mama Lidia akamgeukia Dorosela kwa upole. "Kubali kidogo, Mwalimu. Kazi ni nzuri. Ukiyakubali haya mawili, leo hii unaondoka na muhuri."

Dorosela aliutamani muhuri ule. Pasipo huo, hakuna kompyuta ya Umoja ambayo angeruhusiwa kuitumia kufundishia. Ndivyo kanuni ilivyosema. Aliyatazama maneno yake, kisha akayakusanya makaratasi.

"Niliyemwandikia si fundi. Nikilipiga jalada kufuli, nitakuwa nimemwandikia nani? Na nikiiondoa aya ile, nitakuwa nimemdanganya. Muhuri na ubaki, Mwenyekiti. Mimi ninaondoka na mwongozo."

"Utaupeleka wapi?" Vitus aliuliza. "Mashine zote ni za Umoja."

"Ya Mdandu ni ya kijiji."

Hilo lilikuwa kweli.

Dorkasi alimpokea Mdandu kwa salamu ya "Kamwene" na viazi vya moto, kisha akakaa mbele ya kompyuta ya kijiji, mwongozo mapajani. Safari hii Dorosela aliruhusiwa na mwenyeji kukaa ndani, kwa sharti la ukimya alilojiwekea mwenyewe. Mashine iliunguruma tangu asubuhi. Alasiri ikamaliza kuunda. Dorkasi akasoma, akainuka, akatoka nje, akarudi, akaanza kuizima.

"Mbona unazima?" Sharti lilimponyoka Dorosela.

"Kuna wingu upande wa Wanging'ombe, na linanguruma."

"Liko mbali! Ni dakika chache tu, Dorkasi. Vitus anangoja habari leo."

Dorkasi akageuka na kiti chake. "Umeandika 'hata ya mbali.' Uliandika, au ulikuwa unatania? Maana kama ni utani niambie, nijue na kurasa nyingine nizisome vipi."

Hakuna aliyewahi kumpinga Dorosela kwa hoja iliyompendeza namna ile. "Zima," alisema.

Mvua ilinyesha kabla hawajafika nyumbani kwa Dorkasi, na umeme ukakatika kijiji kizima. Asubuhi, chini ya anga safi, Dorkasi alisakinisha mfumo mpya, akaiwasha upya mashine. Ikaamka. Hakuna aliyekuwa amemsaidia hata kwa kumnyooshea kidole. Dorosela akafanya ishara ya msalaba, kisha akampigia Vitus.

"Mashine moja, Dada," Vitus alisema. "Hiyo ni bahati."

"Yawezekana. Yule mzee wa ushirika wa chai kule Lupembe ana kompyuta yake mwenyewe, na hajui chochote. Ninakwenda kwake Jumatatu."

"Akiiharibu?"

"Tutajua ukurasa gani ni mbovu, nami nitauandika upya. Usiponipa muhuri, nitakwenda kwa mwingine, na kwa mwingine, hadi uchoke kuniita mwenye bahati."

"Wewe mwanamke ni mbishi!"

"Nimefundisha hisabati," Dorosela alisema, akakata simu. Dorkasi alikuwa tayari amesimama pembeni, kalamu mkononi, amemfunulia ukurasa wa pili uliojaa mistari aliyoipiga chini ya maneno.

"Sasa kaa, Mwalimu," alisema. "Hapa uliniacha njiani mara mbili, na leo utanieleza kwa nini."