Moshi ya Traverse

Ile kuni, minyi njo nilileta ku nyumba, na nilileta na majivuno.

Baba anatumikaka ku reli, ku gare, pale treni inasimamaka. Shiye batoto ba reli ya Kamina tunajua: wakati banabadirisha traverse, ile miti munene yenye reli inalalaka juu yake, ya zamani banatupa pembeni. Mwaka jana mvula ilinyesha mingi, makala ya kupikia yote ya ku soko ilikuwa maji-maji. Nikabeba traverse mbili, nikapasua moja na shoka. Alumeti moja tu ya kiberiti, moto inawaka! Ni ile mafuta nyeusi yenye banapakalaka mu muti ili muchwa isikule. Minyi nilizania ni akili yangu.

Kambo yangu, mama ya baba, njo alikuwa anatupikia bukari ya unga mu kikoni ya dirisha moja. Moshi nyeusi, inanuka gudron, ile lami ya barabara. Akaanza kukohola. Nikamuambia, "Kambo, weye uko lokomotive ya zamani. Moshi mingi, mwendo hakuna." Akacheka mpaka akakohola tena.

Kambo anaimbaka mu chorale ya bamama tangu mbele baba azaliwe. Siku moja ya yenga, mu kanisa, katikati ya wimbo akaacha, akakaa, kifua inapiga filimbi. Ku nyumba akakunja kitambaa yake ya chorale, akasema kama pumzi hairudie, atairudisha ku kanisa bamupatie mwengine. Pale minyi sikukuwa na mucheko.

Jirani yetu, mama moja wa Kinkondja mwenye anauzishaka samaki ya kukausha, akakuja kumuona. Mbele ya kusalimia, akasimama ku mulango, anavuta harufu. Nilingojea anigombeze, lakini hapana. Alienda kwake, akarudia na samaki mubichi moja, akaitundika juu ya moto yangu. Ilipokauka, akaniwekea mu sahani.

"Kula, mutoto ya reli."

Nikauma. Uchungu, ulimi inawaka sawa nimelamba reli. Nikatema.

"Kambo yako anakulaka hii kila siku," akasema. "Na pua."

Njo yeye alitutolea mbabula, ile jiko ya kupikia, inje, chini ya bati, na akatupatia kuni yake ya kukauka mpaka makala yetu ikauke. Traverse yenye ilibakia, niliilalisha juu ya mufereji ku mulango ya parsele, pa kuingilia kwetu. Sasa tunapita juu yake, haitusumbue tena.

Pumzi haikurudia mara moja. Kambo alianza na wimbo moja, anakaa, kisha mbili. Siku aliimba yote mpaka mwisho, alipita karibu yangu na kitambaa yake ku kichwa, akaniinamia ku sikio: "Lokomotive imefika ku gare."

Ule mama wa Kinkondja, ninamupelekeaka maji bila kuniomba. Nikifika, ananionyeshaka samaki, ananiuliza kama nimekula. Ninajibu nimekula, mama, nimeshiba kabisa.