Msimu Ambao Mama Alisahau Muhogo Mchungu

Harufu ya muhogo uliovundikwa huwafanya watu wa mjini wazibe pua. Mimi hunitia hofu. Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi kijijini Gwata, na Mama alikuwa na shamba alilolijua shina kwa shina. Pembezoni alipanda muhogo mchungu, maana nguruwe pori wakiuonja hawarudi. Katikati alipanda mtamu, wa kupika kwa nazi. Ule mchungu ulimenywa, ukavundikwa, ukaanikwa makopa mpaka sumu iishe, ndipo ukatwangwa unga. Kwa macho yangu mashina yote yalifanana. Mama hakuwahi kukosea, na majirani walimwita awaonyeshe upi ni upi. Alijisikia, tena sana.

Msimu ule akabadilika. Usingizi ulimkataa, alfajiri tulimkuta kizingitini, kanga imelowa jasho, na ilikuwa Julai, kipupwe kinauma. Aliingia jikoni akasimama, asijue alichofuata. Alitia chumvi mara mbili, kisha akatufokea sisi. Kijijini kulikuwa na bibi mmoja aliyepotewa na akili, wanawe wakamfungia chumbani, na sisi watoto tulikuwa tunamchungulia dirishani na kucheka. Sikucheka tena. Nilimfuata Mama kila alikokwenda, nikijifanya nacheza, kwa sababu niliamini siku nikimwondolea macho naye atafungiwa.

Lakini shule nayo ilinisubiri. Siku moja nilirudi nikamkuta mdogo wangu Mwanaidi, wa miaka minne, anatapika huku macho yakimlegea, na Baba anaitoa baiskeli mbio. Mama alikuwa amechimba muhogo wa pembezoni akaupika kwa nazi. Mwanaidi alilalamika kuwa ni mchungu. Mama akamwambia aache kudeka, ale.

Tulikimbia nyuma ya baiskeli hadi zahanati, mimi na Mama. Walimhudumia Mwanaidi, na jua lilipokuwa linazama akaomba uji. Hapo ndipo Baba alipopata sauti.

“Mama Zuhura amechezewa huyu,” alimwambia muuguzi, akimwita Mama kwa jina langu. “Kesho nampeleka Kisarawe kwa mtaalamu.”

Muuguzi, mama mtu mzima aliyehamia kutoka kaskazini, alimgeukia Mama. “Dada, una miaka mingapi?”

“Arobaini na tisa.”

“Na siku zako, bado unaziona?”

Mama aliinamisha kichwa. Mbele ya mumewe na mtoto! “Zimekatika, mwaka sasa.”

“Basi huo ni ukomo wa hedhi. Joto linakuamsha, hulali, na mtu asiyelala atakumbuka nini? Hujarogwa, wala huna wazimu.”

Baba alitoka nje kwa aibu, na habari ya Kisarawe ikaishia hapo. Mama hakuchimba tena muhogo peke yake. Alinipeleka mimi, nikawa naonja kila mzizi kwa ncha ya ulimi na kutema, naye amesimama pembeni akinitazama usoni. Baada ya miaka kama miwili usingizi ulimrudia na kumbukumbu zikatulia. Majirani hawakurudi kumwita, naye hakuwauliza.

Leo mimi ndiye nina arobaini na tisa, naishi Sofu, mjini, kwenye maji ya bomba na jiko la gesi. Daktari ameniambia mapema yote ambayo Mama aliyasikia kwa kuchelewa: kwamba usingizi utayumba, kwamba maneno yatanikimbia, kwamba kwa wengi hali hutulia. Namwamini. Hata hivyo juzi nilisimama dukani nikashindwa kutaja kitunguu, nikakinyooshea kidole, kisha nikaondoka bila chenji yangu.

Wiki iliyopita niliacha gesi wazi. Aliyeigundua ni binti yangu wa mwisho, ana miaka kumi na mmoja. Nilimkalisha nikamweleza kila kitu, kwa sababu mimi sikuelezwa na mtu. Alisikiliza kwa makini. Akaniuliza kama nitapona, nikamwambia wengi hutulia. “Sawa, Mama,” akasema. Kisha akainuka, akaenda jikoni kuhakikisha nimezima.