Malaria ya Mama

Juzi nimerudi Bwera na homa niliyoipata Katwe, nilikokuwa nikikata chumvi. Muuguzi wa zahanati akanibana kipimajoto kwapani, na kabla hajakisoma nikawa mtoto tena: nimekaa mkekani kando ya kahawa iliyoanikwa, nimechoka kuwa mgonjwa wa mama.

Sijui wewe mwenzangu ulicheza nini Jumapili. Mimi nilipimwa. Mama alisomea uuguzi Kasese, na kila mwisho wa wiki alirudi na mdogo wangu mchanga mgongoni, vitabu ndani ya mfuko wa unga. Sombe, kisamvu chetu, ikichemka, alinichora mifupa mikononi kwa kalamu ya buluu, nami niitaje mmoja mmoja. Jumatatu mwalimu ananirudisha nyumbani nikaoge. Shule niliiacha mapema. Mifupa ninayo hadi leo.

Muhula mmoja, mtihani ukiwa umekaribia, mama alirudi akajifunika blanketi, akakataa kuamka. Mtoto alilia, hakumgeukia. Bibi akasema malaria. Jirani yetu, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza vitenge, akaleta majani ya kuchemsha.

"Iko na malaria, mutoto. Wacha alale."

Siku ya tatu, bado malaria. Nilichoka kusikia, maana kupima nilifundishwa. Nikakitoa kipimajoto kwenye kitambaa chake, nikamwekea, nikasoma kwa sauti: thelathini na sita na nusu.

"Hana homa," nikasema.

"Ah, docteur yetu," jirani akacheka. "Hiyo iko malaria ya ndani."

Bibi alinikata jicho. Nyumbani kwetu mwanamke alikuwa mzima, au alikuwa na malaria. La tatu halikuwapo.

Sauti ikatoka chini ya blanketi. "Soma tena." Nikasoma. "Sasa andika." Nikavuta daftari lake. "Hana homa. Hapati usingizi. Hataki kumshika mtoto wake. Analia, hajui sababu." Aliyasema kama anaeleza habari za mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Kesho yake akaichana karatasi ile daftarini, akaikunja, akampelekea mwalimu wake Kasese. Wakamtibu. Alipumzika mwaka mzima, kisha akafanya mtihani na waliokuwa nyuma yake, akafaulu.

Leo pale mkekani petu pana duka la simu. Bibi hayupo, jirani alirudi kwao, daftari tuliliwashia moto. Mama ni muuguzi, hodari wa kuwakemea wagonjwa wanaoficha maradhi yao. Jana, tukila, nilimuuliza muhula ule alikuwa na nini hasa.

"Malaria," akasema, akaniongezea sombe.