Jicho la Mchungwa wa Shangazi

Wakati wa Mjerumani nilikuwa kibarua kwenye bustani ya miche ya shamba moja karibu na Korogwe. Kazi yangu ilikuwa kupandikiza michungwa, na hadi leo sijafanya kazi nyingine ya mikono iliyonipa fahari kama ile.

Kule Kwamsisi, shangazi yangu alikuwa na mchungwa mmoja nyuma ya nyumba. Chini yake alikizika kitovu cha mwanawe wa pekee, yule aliyekuja kufa safarini akiwa mpagazi, tusijue amezikwa wapi. Safari moja nilipokwenda kumwamkia nikaukuta mti unaoza shina. Mbegu ingetupa mti mwingine. Shangazi aliutaka uleule.

Nikamweleza taratibu. Kwenye kikonyo cha kila jani pana kijicho kidogo kilicholala. Ukikibandua pamoja na kipande cha ganda lake, ukakiingiza chini ya ganda la mche wa mlimau na kukifunga kwa ukindu, kinaweza kushika na kuwa mchungwa kamili.

"Unataka kumfanya mwanangu mtoto wa kambo wa mlimau?" akaniuliza.

"Mlimau utamnywesha tu, shangazi. Matunda atazaa mwenyewe."

Akainuka, akaniletea kisu. Nikapandikiza macho matatu kwenye milimau iliyojiotea jalalani. Majirani wakauliza kama milimau ya shangazi imevunjika miguu. Macho mawili yakakauka, moja likabaki kijani; nikaukata mlimau wake juu ya jicho hilo, nami ruhusa yangu ikaisha.

Mvua zikanyesha nikiwa Korogwe. Mpita njia akaniambia ule mchungwa mkongwe umeanguka. Sasa lilibaki lile jicho moja, na nilijua kinachotokea mvua ikinyesha: mlimau huchipua wenyewe chini ya pandikizi, machipukizi manene yanayokua mbio, na yasipokatwa hulinyima jicho chakula. Nalo jicho huanza dhaifu. Asiyejua hung'oa kilicho dhaifu, akatunza kinachostawi. Hilo sikuwahi kumweleza.

Niliporuhusiwa nikatembea hadi Kwamsisi, na baada ya shikamoo nikaenda moja kwa moja jalalani. Juu ya mche palisimama chipukizi moja, fupi kama kidole. Chini yake palikuwa na makovu safi ya kisu.

"Nani amekuonyesha?" nikamuuliza.

"Nimeyaponda majani nikayanusa. Yale makubwa yalinuka limau." Akaligusa lile dogo. "Jani la mwanangu nalijua."

Bustanini kwetu, ili kulitambua chipukizi la mlimau, tulitazama miiba na upana wa vikonyo. Tangu siku hiyo nilinusa pia, na kila niliyemfundisha nilimwambia nimejifunza kwa shangazi yangu.

Mti ulipozaa, majirani walewale walikuja kuomba macho. Hakumnyima mtu. Aliponda jani kwanza, akamnusisha mwombaji, ndipo akampa kisu.