Kitambaa cha Altare

Emmot Tasker alikuwa amezika waume wawili, na kijiji kizima cha Saltmere kilikubaliana kwamba hakuna kati yao aliyekufa kwa kukosa mazungumzo. Alisokota sufu, alifuga mabata bukini, na alikuwa na mdomo. Majira ya baridi wanawake walimpelekea sufu zao, si kwa ajili ya moto wake, uliokuwa moshi mtupu, bali kwa ajili ya visa vyake. Humo watakatifu waliteleza matopeni, mabwana wakubwa waliharisha siku ya harusi, na kila mnafiki alipata haki yake kabla sufu haijaisha. Kanisani napo hakunyamaza. Padri Osbert akihubiri mbele, Emmot alihubiri yake nyuma kwa kunong'ona, na waumini, Mungu awasamehe, walirudi nyuma kidogo kidogo.

Padri aliliweka hilo moyoni. Jumapili moja kabla ya Pasaka alipanda mimbarini na kisa cha mjane mpiga domo. Mjane huyo, alisema, alizika waume wawili na kufuga mabata, na hapo vichwa vyote vikageuka. Shetani alimkuta jikoni akila pai ya samaki mkunga, akampa nafasi ya kutubu. Mjane akapangusa mdomo kwa kitambaa cha altare, akaendelea kuropoka. Basi shetani akamkamata ulimi, akamburuta hadi motoni.

Watu walitetemeka kwa raha. Emmot alibaki mdomo wazi, kwa sababu kisa kilikuwa chake. Alikitunga mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, ila katika kisa chake aliyeburutwa alikuwa padri mnene, naye alikamatwa mkanda. Osbert alikiiba na kukivisha sketi.

Angecheka, kama si Hamo. Hamo Reder alikuwa mwezekaji wa mapaa, mgane mwenye mikono mizuri na akili ya polepole, na ndiye aliyemchumbia. Tangazo la ndoa yao lilikuwa limesomwa kanisani mara mbili, likibaki la tatu. Baada ya mahubiri yale Hamo alimwomba padri asilisome kwanza.

"Tungoje kidogo, Emmot," alisema, akiitazama kofia yake.

"Tungoje nini? Niote pembe?"

"Padri kasema..."

"Padri kasema mjane. Hakusema mimi."

"Ana mabata," alisema Hamo kwa huzuni.

Jioni ile Emmot alilia katikati ya mabata wake, akalia kwelikweli. Alimpenda yule mzito wa kufikiri, na alikuwa amechoka kukisimulia visa kitanda kitupu.

Ikaja Jumatatu ya Kamba, wiki ya pili baada ya Pasaka, siku ambayo wanawake huwafunga wanaume barabarani na kuwaachia kwa fidia ya kununulia mishumaa ya kanisa. Padri Osbert aliipenda mishumaa, kwa hiyo aliisifu desturi hiyo. Yeye mwenyewe alipita huru kila mwaka, maana nani angemtia kamba mtu wa Mungu? Hamo alikuwa amejificha juu ya paa la baraza ya kanisa, anaezeka, na ngazi ameivuta juu.

"Baba Padri," Emmot alimsimamisha kwenye lango la kanisa, chini ya paa lile, "nipe mkono niubusu."

Padri akanyoosha mkono. Sabina, jirani yake Emmot, akatokea na wanawake wengine, akautia kitanzi.

"Mmerukwa na akili? Mimi nimewekwa wakfu!"

"Ndiyo maana tumeleta kamba mpya," alisema Sabina.

"Haya, semeni mnataka kiasi gani."

"Hela yako kaa nayo," alisema Emmot. "Tupe kisa. Kile cha mjane."

Osbert, maskini, hakuweza kukataa watu waliokuja kumsikiliza. Akaanza. Akafika kwenye pai, akafika kwenye kitambaa.

"Hapo hapo," alisema Emmot. "Mjane alikitoa wapi kitambaa cha altare?"

Padri akakohoa. "Labda alikuwa anakifua."

"Vitambaa vya kanisa nafua mimi tangu mama yangu afe," alisema Sabina, "na chako, Baba, kina madoa ya mkunga."

Wanawake walicheka hadi bukini wakajibu kutoka ng'ambo ya barabara.

"Sasa kisimulie kama ulivyokisikia mwanzo," alisema Emmot.

Padri aliitazama kamba, akazitazama nyuso zao, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikisimulia vizuri. Alitunisha tumbo, akamsihi shetani ampe muda wa kipande kimoja tu, akatafuna hewa, na alipovutwa mkanda akaling'ang'ania lango akiililia pai yake. Emmot alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakasirika: kumbe mtu ana kipaji hiki, na miaka yote amewasinzisha!

Majani makavu yakawadondokea kutoka juu.

"Emmot!" Hamo aliita. "Mwambie Padri asome lile tangazo la tatu."

"Shuka umwambie mwenyewe."

"Nikishuka mtanifunga."

"Tutakufunga, ndiyo."

Hamo akafikiri. Hamo akifikiri, unaweza kumaliza kukamua ng'ombe. Kisha akateremsha ngazi, akashuka, akanyoosha mikono yote miwili, wakamfunga.

"Toa kisa," alisema Emmot.

"Sina kisa mimi."

"Basi utalala hapo langoni."

Hamo akaanza. "Palikuwa na mwanamume mmoja mjinga. Akamsikiliza padri badala ya kumsikiliza mchumba wake."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Anangoja kuambiwa."

Kisa kilikuwa kifupi na hakikuwa na shetani hata mmoja. Emmot alilifungua fundo polepole.

Jumapili iliyofuata Padri Osbert alisoma tangazo la tatu. Kisha akahubiri kisa cha mwezekaji aliyemkimbia mchumba wake hadi juu ya paa, na shetani akaondoka na ngazi. Vichwa vyote vikamgeukia Hamo, ambaye masikio yake yaliiva. Kilikuwa kisa kizuri, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Nyuma ya kanisa Emmot alikuwa kimya kabisa, midomo tu ikichezacheza, akihakikisha padri habadilishi hata neno moja.